Ubaya Wote wa Nyumba Namba Saba

Watu wangu, leo nimejianika. Hakuna aliyenisukuma. Mdomo ni wangu, uongo ni wangu, na aibu ni yangu peke yangu.

Kwa wasionijua vizuri: mimi ni Otieno, karani wa kupima majani chai katika kiwanda kimoja huku Kericho. Tunaishi ghorofa ya tatu, ya juu kabisa, nyumba namba sita. Mimi na mke wangu Achieng. Na karibuni tutakuwa wanne, maana Achieng ana mimba ya mapacha.

Daktari alimwambia asipande ngazi ovyo, asiinue ndoo, asisimame sana. Yaani alale, na mtu amtunze. Mtu wa kumtunza ni mmoja tu duniani: mama yake. Hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu sisi Wajaluo, mama mkwe halali katika nyumba ya mkwewe. Anaweza kuja mchana, akanywa chai, akanitazama kwa huruma, lakini jua likizama lazima alale kwingine. Nilijaribu kumbembeleza kwa simu.

"Mama, siku hizi watu wameacha hayo mambo."

"Watu gani?"

"Watu wa mjini."

"Basi ungeoa kwa hao watu wa mjini."

Akakata simu.

Wiki hiyo hiyo, jirani yetu wa namba saba akatangaza kwamba anauza nyumba yake. Jirani huyo ni Mwalimu Chepkemoi, mama Mkipsigis mstaafu, aliyewafundisha kusoma nusu ya watu wa mtaa huu. Alikuwa amesharudi kwao Sigor kulima na kufuga, nyumba ikabaki tupu. Na nyumba yenyewe tunachangia ukuta! Niliona mkono wa Mungu. Mama mkwe atalala namba saba, mchana atakuwa namba sita, mila itakaa salama. Watoto wakishaanza kutembea, mama atarudi kwake Ahero, nasi tuwapangishe manesi wa hospitali. (Tayari nilikuwa najiita landilodi nikioga.) Nilifikiria hata kutoboa mlango kati ya nyumba hizo mbili, tuwe na jumba. Mama mkwe alipopata habari alituma ujumbe mfupi: "Ukitoboa huo ukuta, hiyo ni nyumba moja. Mimi narudi kwangu."

Sawa. Ukuta ukabaki.

Shida ikawa mkopo. Niliomba kwenye sacco yetu, na mkopo wa sacco hauendeshwi mbio. Leo lete hati hii, kesho lete sahihi ya yule. Naye Mwalimu hakunificha.

"Otieno, mimi nakupenda kama jirani," aliniambia. "Lakini ng'ombe zangu ziko Sigor, zinalia. Mwenye atakuja kwanza na pesa, ndiye atachukua."

Sasa ninyi niambieni. Mke kitandani, mapacha njiani, mama mkwe na masharti yake, na watu wanapanda ngazi kila Jumamosi kuitazama nyumba yangu. (Yangu! Nilishaihesabu.) Ningefanya nini?

Nilifanya upumbavu. Nilianza kuwafukuza wanunuzi.

Mpango ulikuwa rahisi. Mwalimu aliacha ufunguo kwenye duka la chini, ili anayetaka kuona nyumba auchukue. Nikisikia viatu vigeni kwenye ngazi, navaa koti langu la kazi la kiwandani na gambuti, nachukua ufagio, natoka kwenye kibaraza. Hapo mimi si Otieno tena. Mimi ni keateka, mtunza jengo. Keateka wa kweli huja asubuhi, akishafungua maji haonekani tena, kwa hiyo nafasi ilikuwa wazi.

Wa kwanza walikuwa mume na mke kutoka Bomet. Niliwaambia maji hayapandi hadi ghorofa ya tatu. Wakashuka. Wa pili alikuwa mzee mmoja mkulima wa chai kutoka Mogogosiek, aliyekuwa amepata bonasi nzuri na anataka kununua kesho yake. Huyo nilimwambia kuna popo kwenye dari. Akauliza ni wangapi. Nikasema hawahesabiki. Wa tatu alikuwa mama mwenye watoto wadogo, na kwake nikatoa silaha kubwa zaidi: jirani wa namba sita.

"Huyo mtu wa namba sita, mama, ni mlevi. Akishakunywa anapiga ngoma mpaka asubuhi."

Jirani wa namba sita ni nani? Ni mimi! Nilijitukana vizuri sana, maana hakuna anayenijua kama mimi ninavyojijua. Mama wa watu alishuka ngazi akiwa ameshika watoto wote mikono. Nilirudi ndani nikicheka. Achieng akaniuliza nacheka nini, nikamwambia ni video.

Basi, tuje leo.

Leo nilikuwa na siku ya mapumziko. Asubuhi jua liliwaka, lile jua letu la Kericho la kuazima, ambalo kila mtu anajua kufikia saa tisa lazima lirudishwe. Nikiwa napiga mswaki, simu ikaingiza ujumbe: "Mpendwa mwanachama, tunakujulisha kwamba..." Nikaufuta. Sikuumaliza. Hawa watu wa "mpendwa mwanachama" kila wiki huniuzia bima ya mazishi, nami bado nina mpango wa kuishi.

(Kumbukeni huo ujumbe.)

Saa nne hivi, nikasikia viatu kwenye ngazi. Viatu vya ngozi, vya mtu asiye na haraka. Nikachungulia. Mwanamume mwembamba, koti la kijivu, faili kwapani, na mkononi ana kidude cha kupimia kinachotoa nukta nyekundu. Akasimama mbele ya namba saba, akaelekeza nukta ukutani, akaandika. Akaelekeza kwenye dirisha, akaandika.

Mtu mwenye akili angejiuliza: ni mnunuzi gani huyu anayekuja na faili? Mimi niliwaza: huyu si wa mchezo. Huyu anapewa dozi kamili.

Koti. Gambuti. Ufagio. Nikatoka.

"Habari ya leo, mkubwa."

"Nzuri. Wewe ndiye keateka?"

"Mimi mwenyewe. Miaka nane hapa."

"Vizuri sana," akasema, na akafungua ukurasa mpya. "Hata nilikuwa natafuta mtu mwenye anajua hii nyumba. Mwenye nyumba yuko hapo chini, anapanda pole pole. Hebu nieleze ukweli."

Hilo la mwenye nyumba lilipita sikio moja likatokea lingine. Mimi nilisikia "nieleze ukweli" tu, na hapo nikaupa ukweli likizo.

"Mkubwa, nakuhurumia tu. Hii nyumba ukiiona hivi ni rangi. Maji hayapandi. Unaweza kungoja wiki mbili, umejipaka sabuni."

"Wiki mbili," akasema, akaandika.

"Dari ina popo."

"Popo." Akaandika.

"Na paa! Paa linavuja. Mvua ya hapa unaijua. Hapo chumba cha kulala, mpangaji mmoja alikuwa analala na mwavuli." (Hakujawahi kuwa na mpangaji.)

"Pole pole, nisiache kitu." Alikuwa anaandika mbio, na mimi moyo ulikuwa unaimba. Mnunuzi anayeandika ubaya wote hivi hawezi kurudi. Nikaona nimalizie na ile silaha kubwa.

"Lakini hayo yote ni afadhali. Shida kubwa ni jirani. Huyo wa namba sita. Mlevi! Ngoma usiku kucha, na mke wake masikini hana raha."

Yule bwana akaacha kuandika. Akaninong'oneza.

"Namba sita? Uko na hakika?"

"Kabisa."

"Wewe unamjua huyo mtu?"

"Mimi? Simjui. Namsikia tu."

"Lakini mnasalimiana?"

"Nimsalimie wa nini, mkubwa? Mtu wa chang'aa?"

"Hata ukimwona huwezi kumtambua?"

"Huyo mtu simjui kabisa," nikasema, na nikatema mate pembeni ili aamini. (Niliyafagia baadaye. Mimi si mshenzi.)

Akatikisa kichwa polepole. "Hii ni maneno kubwa. Wacha nimpigie simu mwenyewe, nimsikie."

Nikataka kumuuliza namba ameitoa wapi. Sikuwahi. Alikuwa ameshabonyeza.

Sasa, lazima mjue kitu kimoja. Mimi huamkia zamu ya alfajiri, kwa hiyo mlio wa simu yangu ni jogoo. Jogoo halisi, nilimrekodi nyumbani kwetu Krismasi. Ana sauti kubwa kuliko mwili wake.

Jogoo akawika. Ndani ya mfuko wa koti langu.

Akawika mara ya kwanza, mimi nikatazama dari. Akawika mara ya pili, nikaanza kufagia. Yule bwana akaondoa simu sikioni, akatazama mfuko wangu.

"Hiyo simu ni yako?"

"Hapana," nikasema. "Nimeiokota."

"Umeiokota wapi?"

"Hapo... kwa mlango wa namba sita."

Nawaapia, hata wakati huo niliona jibu hilo ni zuri. Lakini mlango wa namba sita ukafunguliwa, na Achieng akatokea, mkono kiunoni, tumbo mbele.

"Otieno! Si ushike hiyo simu! Inaweza kuwa ni ule mtu wa sacco anakuja kukagua nyumba!"

Jogoo akanyamaza. Yule bwana akafungua faili ukurasa wa kwanza, akasoma jina, akanitazama, akasoma tena. Huyu hakuwa mnunuzi. Alikuwa mthamini, mtu aliyetumwa kuitazama nyumba na kusema kama inafaa mimi kupewa mkopo. Ule ujumbe wa asubuhi ulikuwa unanijulisha kwamba angefika leo badala ya wiki ijayo. Na mimi nilikuwa nimetumia robo saa nikimshawishi asinipe nyumba, halafu nikamwongezea kwamba mkopaji mwenyewe ni mlevi.

Kisha nikasikia sauti kutoka kwenye ngazi. Sauti ya mama mzima, yenye pumzi fupi ya mtu aliyepanda ghorofa tatu.

"Petro," ikasema.

Niligeuka. Mama mkwe! Alitakiwa kuja wiki ijayo. Alikuwa amesimama pale kwenye kona ya ngazi na kikapu chake kichwani, na ubavuni mwake Mwalimu Chepkemoi, amebeba kibuyu cha mursik, maziwa lala ya kwao. Walikutana langoni, wakasaidiana mizigo, wakapanda pamoja. Ngazi zetu hupitisha sauti. Tangu ile "miaka nane hapa", yote waliyasikia.

"Amejikana mara tatu," mama mkwe akamwambia Mwalimu, "halafu jogoo akawika. Mimi hiyo nimezoea kuisikia kanisani tu."

Yule mthamini akageuka ukutani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Mama mkwe akaweka kikapu chini. "Achieng nyathina, mwanangu. Huyu anakunywa?"

"Nani, Otieno? Mama, huyu akinywa maziwa lala tumbo linamwendesha."

(Asante, mke wangu. Mbele ya mthamini.)

"Na ngoma?"

"Ngoma gani?"

"Orwa," mama mkwe akaniambia, na anaponiita hivyo, mkwe wetu, najua nimekwisha. "Ngoma iko wapi? Ilete tuone."

Sikuwa na ngoma. Nilikuwa na ufagio. Nikauegemeza ukutani.

Lakini niwaambie ukweli, aliyeniumiza ni Mwalimu. Hakupiga kelele. Alisimama tu, kibuyu mkononi.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Miezi mitatu watu wanachukua ufunguo, wanarudisha, hawanipigii simu. Nikadhani nyumba yangu ina laana. Hata niliita wazee wa kanisa kuja kuiombea. Na wewe Otieno ulikuja kwa hayo maombi. Ulikunywa soda."

Ni kweli. Nilikunywa mbili. Hapo niliona aibu ya kweli, ile isiyo ya kuchekwa. Mama huyu, tangu asikie habari ya mapacha, kila akija kutoka Sigor humletea Achieng maziwa, na leo pia alikuwa ameyabeba ghorofa tatu. Nikaomba msamaha. Nikamwambia yote: mila, mama, mkopo, wanunuzi niliowafukuza hadi mzee wa Mogogosiek na popo wake, hofu yangu kwamba Achieng atajifungua akiwa peke yake na mimi niko kiwandani nikipima majani. Nikadhani nimemgusa.

"Nilikuwa nimepanga kukupunguzia bei," Mwalimu akasema. "Sababu ya hao watoto."

"Kongoi, Mwalimu! Asante sana!"

"Nilikuwa, nimesema. Sasa utanunua kwa bei yake yote. Na unisikize vizuri. Nikisikia neno moja mbaya juu ya hii nyumba likitoka kwa huo mdomo yako, hata moja, nampigia yule mzee wa Mogogosiek. Namwambia hakuna popo."

"Hutasikia, Mwalimu."

"Hata moja."

"Hata nusu."

Mthamini akapangusa macho, akaingia namba saba. Tukamfuata sote, msafara mzima. Akafungua bomba, maji yakaja kwa nguvu. Akapanda kiti nilichomletea kutoka kwangu, akamulika dari. Hakuna popo, hakuna hata kinyesi chake. Akagusa dari ya chumba cha kulala: kavu. Akaandika mwishoni "hali nzuri" na akapiga mstari chini yake.

"Nimefanya hii kazi miaka mingi," akaniambia tukiwa mlangoni. "Mwenye anataka mkopo huwa anasifu nyumba mpaka anadanganya. Mwenye amesema ni mbaya, ni wewe wa kwanza."

"Na lile la... jirani?"

"Hakuna mahali pa kuandika hilo kwa fomu," akasema. "Ningeandika." Akashuka. Hadi ghorofa ya kwanza bado tulikuwa tunamsikia akicheka.

Kwa hiyo mkopo upo. Likabaki swali moja dogo: leo mama mkwe analala wapi? Yeye alifika mapema kwa sababu alipata lifti kwenye gari la omena, wale dagaa wa ziwani, na gari la omena halirudi hadi Jumatatu. Mwalimu, kwa moyo wake, akatoa ufunguo wa namba saba. "Mama alale hapa. Tayari ni kama ya mkwe wako."

Mama mkwe akaitazama nyumba. "Nyumba yenye popo?"

"Mama, hakuna popo, umeona..."

"Yenye kuvuja? Yenye kukaa na mlevi hapo kando? Mimi nimesikia keateka akisema, tena wa miaka nane." Akachukua kikapu. "Mimi nalala na binti yangu."

"Lakini mama, mila! Huwezi kulala nyumba ya mkwe."

"Nyumba ya mkwe ni ile yenye mkwe ndani. Mkwe akitoka, inabaki nyumba ya binti yangu."

"Hiyo sheria imetoka wapi?"

"Kwangu. Leo."

Achieng mwenyewe ndiye aliyenitupia godoro. Mwalimu akanikabidhi ufunguo kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

Ndiyo maana nawaandikia nikiwa kwenye godoro, sakafuni, chumba cha kulala cha namba saba. Ni saa kumi jioni. Mwalimu hajaondoka, mvua ilimzuia, yuko huko kwangu anakunywa chai na mama mkwe, na ukuta huu ni mwembamba, nasikia kila kitu. Tangu saa tisa wamerudia ile ya jogoo mara nne. Mama mkwe ndiye anayewika.

Sasa jamani, nawaomba msicheke, maana nina jambo la kuwaambia na sina mtu mwingine wa kumwambia. Mvua imenyesha saa nzima. Nilikuwa nimelala chali nikitazama dari, nikifikiria mapacha wangu, na kitu baridi kikanidondokea hapa, katikati ya paji la uso. Nikadhani ni jasho la aibu. Likaja la pili. Likaja la tatu. Nimesogeza godoro, limenifuata.

Paa linavuja. Linavuja kweli, palepale nilipomwambia mthamini. Na katika kaunti hii nzima, mtu wa pekee ambaye haruhusiwi kulisema ni mimi.

Mwenye mwavuli aniletee. Apande polepole, asigonge namba sita, na mtu akimuuliza anakwenda wapi, aseme hanijui.